Fomula za mwendo zikaguliwe kwanza ndo zikaririwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee jambo ambalo wengine wataliona dogo, ila mimi naliona linawatesa watoto wetu wengi wa sekondari hapa Dar, nalo ni hizi fomula za mwendo kwenye fizikia. Nafundisha tuisheni ya fizikia na hesabu huku Mbagala, kwa hiyo hali naiona mwenyewe, mtoto anakuja jioni na desa alilonunua stesheneri, limefotokopiwa na kurudiwa kufotokopiwa mpaka maandishi yanakaribia kupotea, ndani fomula zote zimewekwa kwenye kiboksi, na yeye kazi yake ni kuzikremu tu mpaka siku ya mtihani.

Sasa juzi kati kwenye desa moja nimekuta imeandikwa v² = u² + 2at. Fomula yenyewe ni v² = u² + 2as, v ni kasi ya mwisho, u ni kasi ya mwanzo, a ni mchapuko, s ni umbali na t ni muda, kwa hiyo ni herufi moja tu imekosewa, pengine aliyechapa alichoka au macho yalimdanganya. Lakini wanafunzi wote waliokuwa na hilo desa walikuwa wameshaikariri vile vile ilivyo, na mmoja alikuwa ameshafanyia maswali mpaka mwisho, majibu amepigia mstari mara mbili chini, anajiamini kabisa. Nilipomwambia hii fomula haiwezekani akaniuliza mwalimu umejuaje na hujafungua kitabu? Na hilo swali lake ndo limenifanya nikuandikie, manake jibu lake ni jepesi na hakuna aliyewahi kumwambia.

Jibu ni kuangalia dimensheni. Yaani unaacha kwanza namba, unaacha hata maana ya kila herufi, unauliza tu hiki kitu kinapimwa kwa nini. Kwenye mwendo kila kitu kinatokana na vitu viwili tu, urefu na muda. Umbali ni mita. Kasi ni mita gawa kwa sekunde. Mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka au kupungua kila sekunde, ni mita gawa kwa sekunde alafu gawa tena kwa sekunde. Basi. Na kanuni ni moja, vitu unavyojumlisha lazima viwe vya aina moja na pande zote mbili za alama ya sawasawa lazima ziwe za aina moja, huwezi kuchukua kilo mbili za unga ukajumlisha na lita moja ya mafuta ukasema una tatu.

Hebu tuzipitishe humo zile fomula tatu. Ya kwanza, v = u + at. Kushoto kuna kasi. Kulia u ni kasi, na at ni mchapuko zidisha kwa muda, sekunde moja ya juu inafuta sekunde moja ya chini inabaki mita kwa sekunde, ambayo ni kasi, kwa hiyo imepita. Ya pili, s = ut + ½at². Kushoto mita. Kulia ut ni mita kwa sekunde mara sekunde, zinabaki mita, na at² ni mchapuko mara sekunde skwea, sekunde zote zinafutika zinabaki mita, imepita nayo. Ya tatu, v² = u² + 2as, kushoto mita skwea kwa sekunde skwea, u² hivyo hivyo, as ni mita kwa sekunde skwea zidisha kwa mita, inatoka mita skwea kwa sekunde skwea, imepita. Alafu ile ya kwenye desa, v² = u² + 2at, hapo at tumeshaona ni mita kwa sekunde tu, skwea hakuna, unaijumlishaje na u²? Haiwezekani. Na sio haiwezekani kwa swali hili au lile, haiwezekani kokote, iwe gari Kariakoo au sayari huko angani. Nusu dakika tu mtoto angejua desa limekosea na angejisahihishia mwenyewe.

Hii kitu sio mpya na sio ujanja wa tuisheni. Mfaransa Joseph Fourier aliieleza mwaka 1822 alipokuwa anaandika kuhusu joto, kwamba kila kiasi kina dimensheni zake na milinganyo haiwezi kusimama kama dimensheni hazilingani, na baadae Maxwell wa Uingereza ndo akaanza kuandika kwa zile herufi M, L na T, tungamo, urefu na muda, ambazo zinatumika mpaka leo. Miaka 200 imepita. Mtoto wa Mbagala bado anauziwa kiboksi cha fomula bila kuambiwa kuna kipimo cha kuzikagulia.

Na utamu wake ni kwamba hii njia haiishii kwenye kukagua, inaweza kukuonyesha fomula inaelekea wapi hata kabla hujafundishwa. Mfano bodaboda anashuka Barabara ya Morogoro, ghafla mbele anakatiza mtu, anakamata breki. Atasimama baada ya umbali gani? Tuseme hujui fomula hata moja, unachojua ni kwamba umbali huo unategemea kasi aliyokuwa nayo na nguvu ya breki, yaani zinapunguza kasi kiasi gani kila sekunde. Kasi ni mita kwa sekunde, breki ni mita kwa sekunde skwea, unachotafuta ni mita. Ukigawa kasi kwa breki unapata sekunde, sio mita. Ukizidisha unapata mita skwea kwa sekunde tatu zilizozidishwa pamoja, kitu ambacho sio umbali kabisa. Ukitaka sekunde zote zifutike zibaki mita peke yake kuna njia moja tu, kasi skwea gawa kwa breki. Hakuna nyingine! Kwa hiyo kabla hata ya kufungua kitabu umeshajua kwamba kasi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne, sio mara mbili kama watu wengi barabarani wanavyodhani.

Tuweke na namba. Tuseme breki zinapunguza mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Kwa kilomita 40 kwa saa, ambayo ni kama mita 11.1 kwa sekunde, v²/2a (v ni kasi kabla ya breki, a ni breki, na ile 2 inatoka kwenye fomula ya tatu, dimensheni haiwezi kuitoa) inakupa mita 12 na kidogo. Kwa kilomita 80 kwa saa inakupa mita 49 na kidogo. Na hapo bado ile sekunde moja ya kushtuka kabla mkono haujafika kwenye breki, ambayo kwa kilomita 80 inakula mita 22 nyingine, na hiyo ni kasi zidisha muda, kwa hiyo yenyewe inaongezeka mara mbili tu kasi ikiongezeka mara mbili. Jumla unakuta mita zaidi ya 70 kabla hajasimama. Kwa ile ya 40 jumla ni kama mita 23. Mimi naamini kijana wa kidato cha pili aliyetoa hii hesabu mwenyewe kwa mkono wake, akaona ile mara nne inatoka wapi, siku akipanda au kuendesha bodaboda atakuwa anajua kitu ambacho bango la barabarani haliwezi kumwambia.

Na angalia kitu kingine hapo, tungamo halijaingia popote, kwa sababu likiingia hakuna cha kulifuta. Ukishajua breki zinapunguza kasi kiasi gani, kilo za mzigo hazina nafasi kwenye hiyo hesabu, ingawa mzigo unaweza kubadilisha breki zenyewe zinavyofanya kazi, hilo ni suala lingine.

Sasa nisieleweke vibaya. Wapo walimu wenzangu wakishaionja hii njia wanaitumia kama muhuri, fomula ikipita dimensheni wanasema ni sahihi. Hapana jamani. Ikifeli imefeli moja kwa moja, lakini ikipita bado inaweza kuwa na makosa. Chukua s = ut + at² bila ile nusu, inapita vizuri kabisa, kwa sababu nusu ni namba tupu haina mita wala sekunde. Ukisahau ut ukaandika s = ½at² peke yake kwa gari ambalo tayari lilikuwa linatembea, inapita. Ukikosea alama ukaweka kutoa badala ya kujumlisha, inapita. Kwa hiyo nusu lazima uitafute kwa njia nyingine, na iko wazi tu, kitu kikianza kusimama na kikaongeza kasi kwa mpangilio mmoja, wastani wa kasi yake ni nusu ya kasi ya mwisho, umbali ni wastani mara muda, kwa hiyo nusu ya vt, na v yenyewe ni at, ndo unapata ½at². Mwanafunzi anatakiwa awe na vyote viwili, kuelewa fomula imetoka wapi, na kuikagua kwa haraka pale kwenye chumba cha mtihani ambapo kichwa kimechanganyikiwa na hakumbuki kama ni s au t.

Kuna fomula moja inawasumbua sana wa kidato cha tano, na nimesikia hata watu wazima wanaitumia kusema dimensheni ni uongo. Ile ya umbali ndani ya sekunde ya n, wanaandika s = u + ½a(2n − 1). Ukiikagua haraka haraka unashangaa, kushoto mita, kulia u ni mita kwa sekunde na a ni mita kwa sekunde skwea, hakuna kinacholingana na chochote! Na bado inatoa majibu sahihi, mfano jiwe ukiliachia lidondoke na ukachukua g kuwa 10, sekunde ya kwanza linashuka mita 5, ya pili 15, ya tatu 25, ndo yenyewe. Sasa inakuwaje? Ni kwamba kuna sekunde moja imefichwa humo ndani. Fomula inatokana na kutoa, umbali mpaka mwisho wa sekunde ya n toa umbali mpaka mwisho wa ile iliyotangulia, na hiyo tofauti ya muda ni sekunde 1, ambayo kwa namba ni moja kwa hiyo watu wanaiacha wanapoandika, lakini kwa dimensheni bado ipo. Iandike kamili, uτ + ½aτ²(2n − 1), τ ikiwa ule muda wa kipande kimoja na n ni namba ya kuhesabia tu, utaona kila kitu kinarudi kuwa mita.

Na hii sio kuchezea herufi. Mpe mwanafunzi swali la vipande vya nusu sekunde badala ya sekunde nzima, yule aliyekariri ataweka n = 1 atapata mita 5 kwenye nusu sekunde ya kwanza, wakati jibu ni mita 1.25. Yule aliyeuliza ile sekunde iko wapi hawezi kuanguka hapo. Kwa hiyo dimensheni haikudanganya, ilikuwa inakuambia kuna kitu kimeachwa, na mimi huwa nawaambia wanafunzi fomula ikionekana inafanya kazi huku dimensheni zinagoma, usiitupe na usiipuuze, tafuta kilichofichwa.

Tatizo lingine ni kuchanganya yuniti. Gari lina kilomita 72 kwa saa, linaongeza mita 2 kwa sekunde kila sekunde, kwa sekunde 5, mtoto anaandika v = 72 + 2 × 5 anapata 82. Dimensheni ziko sawa, kasi na kasi, lakini jibu ni bovu, kwa sababu 72 ni za kilomita kwa saa na 10 ni za mita kwa sekunde. Angebadilisha kwanza, 72 inakuwa mita 20 kwa sekunde, jibu mita 30 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 108 kwa saa. Hata wakubwa wanaanguka hapo. Mwaka 1999 Marekani walipoteza chombo chao kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipofika sayari ya Mirihi, programu moja ya huku ardhini ilikuwa inatoa namba kwa paundi-sekunde (paundi ya nguvu zidisha kwa sekunde) na waliozipokea wakazisoma kama newton-sekunde (newton nayo ni kipimo cha nguvu), tofauti ya kama mara 4.45. Watu hupenda kuutoa huu kama mfano wa dimensheni lakini ukiangalia vizuri dimensheni zilikuwa sawa pande zote, kilichokosewa ni yuniti. Ndo maana nasisitiza mtoto asiandike namba tupu katikati ya kazi, aandike mita 20 kwa sekunde kila mstari, azizidishe na kuzigawa yuniti kama anavyofanya namba, hapo anakagua vyote kwa pamoja.

Sasa Ndugu Mhariri, hoja yangu hasa. Kwa miaka mingi mpangilio wa masomo yetu umekuwa kwamba kidato cha kwanza mtoto anaambiwa kuna vipimo vya msingi, urefu, tungamo, muda, kidato cha pili anapewa fomula za mwendo, alafu kuzikagua kwa dimensheni anakuja kukutana nako kidato cha tano kwenye PCM (fizikia, kemia na hesabu) au PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Lakini wengi hawafiki huko. Wengine wanaenda VETA kusomea ufundi, wengine wanaingia mtaani, wengine fizikia yenyewe wanaiacha mapema kwa sababu wameshaona ni somo la kukariri alama ambazo hazina mwenyewe, na kifaa ambacho kingewasaidia wasiliogope kimewekwa kwenye ghorofa ambalo hawatapanda. Kwa nini kisikae pale pale zilipo fomula, wiki ile ile?

Nimeongea na walimu wenzangu, wanasema muda hautoshi na darasa lina wanafunzi wengi, na kwamba hivyo vipeo hasi vya kuandika LT⁻¹, yaani urefu gawa kwa muda, vitawachanganya watoto wadogo. Kuhusu muda na wingi wa wanafunzi sibishi, najua hali. Ila vipeo hasi sio lazima. Mimi naandika mita na sekunde tu, juu na chini, tunakata kama tunavyokata sehemu za hesabu za shule ya msingi, na wanaelewa. Mwalimu akishaandika fomula mpya ubaoni, kabla ya kuendelea na mfano, aite mwanafunzi mmoja aje aikague mbele ya wenzake. Hata mzazi ambaye hakusoma fizikia anaweza kukaa na mwanae akamuuliza tu, hii inapimwa kwa nini, na hii je, zinalingana? Na wale wenzetu wa stesheneri wanaochapa madesa, kabla hujatoa kopi nyingi mtafute mtu apitishe jicho kwa njia hii, makosa mengi ya herufi yatanaswa hapo hapo.

Na hata kwenye magazeti, nasema kwa heshima, hii kitu inahitajika. Mara nyingi nasoma au nasikia habari kwamba mtambo fulani unazalisha megawati kadhaa kwa siku, au megawati kwa saa. Megawati tayari ina muda ndani yake, wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde, kwa hiyo ukisema bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 umeshamaliza, ukiongeza kwa siku umeharibu. Ukitaka umeme wa siku nzima unazidisha na saa 24, unapata megawati-saa 50,760 kama mitambo yote inazunguka kwa uwezo wake wote. Zile yuniti tunazonunua za LUKU ni kilowati-saa, yaani wati imezidishwa na muda, haijagawanywa. Mwandishi anayejua kukagua dimensheni hawezi kulikosa hilo.

Kama ukurasa wako wa elimu una nafasi nakuomba uwawekee wasomaji swali hili, na waambie fizikia haihitajiki, inahitajika mita na sekunde tu. Nazi imedondoka kutoka juu ya mnazi wenye urefu h, na g ni mchapuko wa kudondoka, mita kwa sekunde skwea. Muda wa kufika chini ni upi kati ya hizi, t = 2h/g, t = √(2g/h), t = √(2h/g), au t = h/√g? Tatu kati yake haziwezekani kabisa, na kila msomaji aweze kusema kila moja imeangukia wapi.

Wako,
Mwalimu wa tuisheni,
Mbagala, Dar es Salaam.